Anacheza na nani? Pozi za mtandaoni, pranki, na mpaka uliopo kati yake

Mwaka 2011 shangazi yangu aliomba simu yangu atazame picha za harusi ya binamu. Akapitiliza kidole, akaangukia picha ya kijana wa Kizungu aliyelala kifudifudi juu ya ukuta mwembamba: mwili umenyooka kama ubao, mikono imebanwa ubavuni, uso umeelekea chini. Shangazi akashtuka. "Huyu kazimia?" Nikamwambia hapana shangazi, anacheza tu, ndiyo mchezo wa siku hizi. Akaitazama tena picha ile, akauliza, "Anacheza na nani?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimeona pozi nyingi zikija na kupita, na kila inapoibuka mpya swali la shangazi hunirudia, maana naona ndilo linalofungua fundo. Watu hutia kapu moja mambo ambayo hayana undugu wa karibu: pozi za kuchekesha, chalenji za kucheza muziki, pranki za kumtisha au kumwangusha mtu, na uvumi wa michezo inayosemekana kuua watoto. Yote yanaitwa upuuzi wa mitandaoni, kisha yanalaaniwa kwa pamoja au kutetewa kwa pamoja. Mzazi anamnyang'anya mtoto simu kwa kosa la kucheza dansi isiyo na madhara yoyote, na mzazi huyohuyo anacheka akioneshwa video ya mlinzi wa geti aliyemwagiwa maji usingizini.

Kuwa ubao

Mchezo aliouona shangazi uliitwa planking, yaani kujifanya ubao. Kabla ya jina hilo ulikuwa ukichezwa kusini-magharibi mwa Uingereza tangu miaka ya 1990 kama mzaha wa marafiki: unalala kifudifudi mahali pasipotarajiwa, unanyoosha mikono kando ya mwili, unachongoa vidole vya miguu, unanyamaza, mwenzako anakupiga picha. Korea Kusini nako, mwaka 2003, vijana walikuwa wakipigana picha wamelala kama maiti. Hakuna hakika nani alimwiga mwenzake, wazo lenyewe ni rahisi mno kiasi kwamba linaweza kuzaliwa popote.

Kilichobadilisha mambo ni Facebook. Mwaka 2009 kundi la mchezo huo lilikusanya watu wengi, na Septemba ya mwaka huo madaktari na wauguzi 7 wa hospitali moja katika mji wa Swindon walisimamishwa kazi baada ya picha zao kuonekana, wamelala juu ya vitanda vya wagonjwa, sakafuni, hata kwenye eneo la kutua helikopta. Miaka miwili baadaye moto ukahamia Australia. Machi 2011 mchezaji wa raga, David Williams wa klabu ya Manly, alifunga, kisha akalala ubao uwanjani mbele ya kamera za televisheni. Mchezo ukaingia kila nyumba.

Wiki chache baadaye ukageuka. Katikati ya Mei kijana mmoja wa Queensland alifunguliwa mashtaka kwa kulala ubao juu ya gari la polisi. Alfajiri ya tarehe 15 Mei, mjini Brisbane, kijana mwingine wa miaka 20 alijaribu kulala juu ya ukingo wa kibaraza cha ghorofa ya saba. Akaanguka, akafa. Waziri Mkuu wa wakati huo, Julia Gillard, alilazimika kulizungumzia, akawaomba vijana waweke usalama mbele ya burudani.

Hapa ndipo watu wengi hukimbilia kusema, mnaona, mchezo ni wa hatari. Mimi nasema tusimame kidogo. Kulala kifudifudi hakuna hatari yoyote, na kijana yule alijua hivyo, kama wote waliokuwa wakicheza. Hatari haikuwa katika pozi, ilikuwa katika hesabu inayofuata pozi ikishazoeleka. Wa kwanza akilala sakafuni, watu wanacheka. Wa mia akilala sakafuni, hakuna anayegeuka kumtazama, kwa hiyo analala juu ya meza. Meza ikizoeleka, juu ya gari. Gari likizoeleka, ukingoni mwa ghorofa. Pozi imebaki ileile tangu mwanzo, kinachopanda ni mahali pa kulala. Na hakuna mtu anayesimama katikati ya ngazi hiyo kusema hapa panatosha, kwa kuwa kila mmoja amepanda kidaraja kimoja tu juu ya mwenzake.

Ngazi hiyohiyo iliuonesha ulimwengu sura yake Julai 2018. Mchekeshaji mmoja wa Marekani, ajulikanaye kwa jina la Shiggy, alijirekodi akicheza wimbo wa mwanamuziki Drake barabarani, amesimama palepale, hakuna gari linalohusika. Wafuasi ndio walioongeza gari: wanashuka likiwa linatembea, wanacheza kando ya mlango ulio wazi, dereva anawarekodi. Abu Dhabi, waendesha mashtaka waliagiza watu watatu wakamatwe. Polisi wa Misri na India wakatoa maonyo. Chalenji yenyewe iliitwa Kiki, jina la msichana anayetajwa kwenye wimbo, na kwa Kiswahili cha Dar es Salaam jina hilo liliangukia mahali pake hasa, maana kwetu mtu anayefanya jambo ili azungumzwe tulikuwa tumeshamwita zamani mtafuta kiki.

Nchini Ufilipino hadithi ilichukua njia nyingine. Mwaka 2011 wanafunzi walilala ubao barabarani kuunga mkono mgomo wa usafiri, na mbunge mmoja akapeleka muswada wa kupiga marufuku planking kama njia ya maandamano. Fikiria hapo: mchezo uleule, safari hii una ujumbe wa kisiasa, na aliyekasirika ni mtunga sheria. Ukitaka kujua kwa nini kanuni za jumla kuhusu pozi hizi hazifanyi kazi, anzia Brisbane umalizie Manila. Mwili umelala vilevile, lakini Brisbane kuna familia iliyofiwa, na Manila kuna wanafunzi waliokuwa na jambo la kusema.

Zamani kabla ya simu

Wapo wanaoamini kwamba haya yote yameletwa na simu zenye kamera. Picha za kale zinawakanusha. Mwishoni mwa karne ya 19 wapiga picha wa Ulaya waliwauzia wateja picha za watu wasio na vichwa: mtu amekaa kwenye kiti, kichwa chake mwenyewe amekishika mkononi kama nazi. Walifanya hivyo kwa kuunganisha negativu mbili, na wateja walilipa fedha nzuri.

Mfano ninaoupenda zaidi umetoka Afrika. Mwaka 1959 vijana 25 mjini Durban walijibana ndani ya kibanda kimoja cha simu. Habari na picha zikasafiri kwa magazeti hadi Uingereza, Kanada na Marekani, na wanafunzi wa vyuo wakaanza kushindana nani atajaza wengi zaidi. Chuo cha St. Mary's huko California kilifikisha 22, na jarida la Life likachapa picha yao, miguu na viatu vimetokeza kila upande. Hapakuwa na Facebook wala TikTok. Kulikuwa na kibanda ambacho kila mji ulikuwa nacho, gazeti, na vijana wenye muda. Miezi michache tu, kisha mchezo ukafa.

Na pwani yetu? Omar Said Bakor wa Lamu alikuwa akiunganisha picha kwa mkono hata mteja akaonekana mahali pasipowezekana mtu kuwapo. Miaka ya 1990, penye kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga picha walisimamisha vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba. Kijana aliyefika kutoka bara alisimama mbele ya ndege ya rangi, akaweka mkono mfukoni, akapigwa, akatuma picha kijijini. Aliyeipokea alijua ndege ile ni ya kitambaa, na furaha haikupungua. Picha ile ilikuwa mchezo baina ya watu wawili walioelewana.

Nimekaa na jambo hilo la Likoni kwa sababu linajibu nusu ya swali la shangazi. Mwenye pozi hachezi peke yake hata akionekana yuko peke yake. Anacheza na yule atakayeitazama picha. Wote wawili wanajua kanuni, na utamu uko katika kujua kwamba mwenzako naye anajua.

Pozi inasambaa vipi

Si kila mzaha unaoweza kusambaa. Zilizosambaa, ukizichunguza, zina tabia zinazofanana. Hazihitaji fedha wala kipaji. Zinatambulika mara moja, hata ukiiona picha kwa nukta moja unajua ni ile. Na zina nafasi ya mtu kutia chake: mahali, nguo, watu alio nao. Bila nafasi hiyo ingekuwa nakala tupu, na nakala tupu huchosha haraka. Ndiyo maana baada ya ubao ilikuja ya kuchuchumaa kama bundi, iliyotamba katikati ya 2011, na Oktoba mwaka huohuo ikaja ya kupiga goti moja na kuinamisha kichwa ngumini kama Tim Tebow, mchezaji wa Denver Broncos, timu ya mpira wa Kimarekani, aliyekuwa akisali uwanjani. Bundi alisahaulika upesi. Goti la Tebow lilidumu kidogo zaidi kwa kuwa lilikuwa na mtu, imani na timu nyuma yake, watu walikuwa na la kubishania.

Wanafunzi wa Kijapani walileta iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yangu, mwezi Machi 2013. Msichana mmoja anasukuma viganja mbele kama anayerusha nguvu za miujiza kwenye katuni za Dragon Ball, na wenzake wanaruka hewani kwa wakati mmoja kana kwamba wamepeperushwa na mlipuko. Picha ikipigwa katika nukta ileile inaonekana kweli kabisa. Hii haiwezekani kufanywa na mtu mmoja. Lazima mkubaliane, muhesabu moja mbili tatu, mruke, mkosee, mcheke, mrudie. Kazi yote ya furaha inafanyika kabla picha haijapatikana.

Harlem Shake, Februari 2013, ilikuwa video ya nusu dakika: mtu mmoja anacheza, wengine wamekaa kama hawamwoni, mdundo unapovunjika wote wanachachamaa. Ndani ya wiki chache maelfu ya video yalipakiwa. Nchini Tunisia waziri wa elimu aliagiza uchunguzi baada ya wanafunzi kuirekodi shuleni, na wanafunzi wakaijibu serikali kwa kurekodi nyingine zaidi. Cairo vijana waliicheza mbele ya makao makuu ya Muslim Brotherhood, kundi la kisiasa la Kiislamu. Magharibi mwa Australia wachimbaji wa dhahabu walifukuzwa kazi kwa kuicheza mgodini chini ya ardhi. Mchezo mmoja, na kila nchi ikaona ndani yake hofu yake yenyewe.

Dab, mtindo wa dansi, nayo ilianzia Atlanta, Marekani, ikabebwa na wachezaji wa mpira, Paul Pogba akiwa mmoja wao, hadi kila mtoto wa Kariakoo na Kibera akawa anaficha uso kwenye kiwiko mbele ya kamera. Januari 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliipiga Ikulu ya Nairobi pamoja na kundi la vijana wanenguaji, wakati vijana wakihimizwa kujiandikisha kupiga kura. Agosti mwaka huohuo mwimbaji mmoja nchini Saudi Arabia alikamatwa kwa kuipiga jukwaani mjini Taif, kwa kuwa huko mamlaka ziliihusisha na dawa za kulevya.

Kwetu Afrika Mashariki, hata hivyo, sioni mtindo wa picha uliokuwa wetu zaidi kuliko ule wa Novemba 2015. Rais John Magufuli alikuwa ameapishwa tarehe 5, akafuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba na kutaka siku hiyo iwe ya usafi. Watu Tanzania na Kenya wakaanza kujiuliza mtandaoni, kwa alama ya reli, Magufuli angefanya nini. Mtu anasema alitaka kununua suti, kisha akajiuliza swali hilo, na picha inamwonesha amejifunga kitambaa cha dirishani. Mwingine anapikia kifaa ambacho hakikutengenezwa kupikia. Kicheko kile kilikuwa kikali, lakini kilimwangukia mpiga picha mwenyewe na matumizi yake, na pembeni kilikuwa na heshima ya kweli kwa wazo la kubana matumizi. Pozi ilibeba hoja ambayo magazeti yaliieleza kwa kurasa nzima.

Picha inayokufisha

Lazima pia tutazame takwimu. Watafiti wa India walikusanya taarifa za vyombo vya habari duniani kuanzia Oktoba 2011 hadi Novemba 2017, wakapata vifo 259 vya watu waliokuwa wakijipiga selfi, katika matukio 137. India ilikuwa na vingi kuliko nchi yoyote. Sababu iliyoongoza ilikuwa kuzama majini, ikifuatiwa na vyombo vya usafiri na kuanguka. Wengi wao walikuwa wanaume, na wastani wa umri ulikuwa karibu miaka 23.

Vilivyowaua ni vitu vya kawaida: maji, reli, kingo za miamba. Anayejipiga picha amegeukia skrini, na mgongo wake umeelekea kitu kitakachomuua. Kwa hiyo mtu anayemkataza kijana kupiga picha hajamsaidia sana. Anayemwambia usipige picha ukiwa umekipa mgongo kina cha maji, au usirudi nyuma hata hatua moja ukiwa umeinua simu, amempa kitu atakachokikumbuka.

Pale asipoulizwa

Sasa tuje kwenye pranki, na hapa sina upole.

Mwanzoni mwa 2020 ilizunguka video ya watu watatu waliosimama mstari mmoja. Yule wa katikati anaambiwa waruke wote pamoja. Anaruka. Wenzake wawili wanampiga miguu ikiwa hewani, anaangukia kisogo. Marekani baadhi ya wavulana walifunguliwa mashtaka. Ukiitazama kwa haraka inafanana na ile ya Wajapani: watu wanaruka, kamera inasubiri nukta moja. Tofauti ni kwamba wasichana wa Japani walihesabu moja mbili tatu pamoja, na huyu wa katikati amehesabiwa na wengine. Wanaocheza ni wawili. Yeye ni uwanja wa kuchezea.

Watetezi wa pranki husema sisi Waafrika ni watu wa mizaha, tuache ugumu. Hoja hiyo inanigusa, kwa sababu wanaoitoa wamesahau mizaha yetu ilivyokuwa. Shangazi yangu ni Mngoni. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Babu alipozikwa, mtani mmoja alishuka kaburini kabla ya jeneza, akalala kifudifudi, akagoma kutoka mpaka apewe chake. Watoto wa marehemu wenyewe walicheka huku machozi yanawatoka. Mtu asiyejua mila angesema ni utovu wa adabu usio na mfano.

Lakini tazama kanuni zake. Mtani anajulikana kwa ukoo na kabila, hajitokezi tu mtu yeyote barabarani. Mzaha una mahali na wakati wake. Unarudishwa: msiba ukiwa kwao, sisi nasi tutakwenda kulala. Na mtani ana wajibu, atachimba kaburi, atachota maji, atakaa na wafiwa. Mzaha wake umelipiwa tayari kwa jasho. Nilipomkumbusha shangazi picha ile ya 2011 nikamlinganishia na mtani wa kaburini, alitikisa kichwa. "Yule tulikuwa tunamjua. Na ilikuwa zamu yake."

Pranki ya mtandaoni imebeba ganda la utani na kutupa kiini. Anayemwagiwa maji ni muuza karanga, mlinzi, dada wa kazi, bodaboda, bibi aliyekaa kibarazani, watu ambao hawana njia ya kurudisha. Sijaona pranki nyingi anazofanyiwa mkuu wa polisi. Anayerekodi anapata wafuasi na pengine fedha za matangazo, aliyerekodiwa anapata aibu inayomfuata hadi mtaani kwake. Hata YouTube, ambayo haikuwa na haraka ya kukataa mapato, Januari 2019 iliweka wazi kwamba haitaruhusu pranki zinazomfanya mtu aamini yuko katika hatari kubwa, mfano kuigiza uvamizi wa nyumba, wala zinazowaumiza watoto kihisia.

Upo pia ukungu wa katikati. Machi 2016 binti mmoja wa Kenya aliweka mtandaoni picha zake alizozibandika juu ya mandhari za China, kwa ufundi hafifu, kila mtu aliona. Wakenya wakaanza kumkata na kumbandika wao wenyewe kila mahali duniani, ikawa mtindo wa wiki. Yeye alikuwa ameanza mchezo, kama kijana wa Likoni mbele ya ndege ya kitambaa. Lakini kuanza mchezo hakumaanishi ulikubali kuwa pozi ya taifa zima. Baadhi ya watu wakaona hivyo, wakachangisha fedha ili asafiri kweli. Sijui mfano mwingine ambapo umati uliomcheka mtu ulilipa fidia, na kwa lugha ya watani ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Michezo isiyokuwapo

Kuna aina ya nne, nayo ndiyo inayosambazwa zaidi na watu wazima. Februari 2019 magroup ya WhatsApp ya wazazi Uingereza, na baadaye ya kwetu, yalijaa onyo kuhusu Momo, sura ya kutisha yenye macho yaliyotokeza, ikidaiwa kuwaamuru watoto wajidhuru. Mashirika ya kulinda watoto ya Uingereza yalisema hayakuwa na ushahidi wa mtoto aliyedhurika. Sura yenyewe ilikuwa sanamu ya msanii wa Kijapani, na ilikuwa imeshaoza na kutupwa. Watoto wengi waliiona kwa mara ya kwanza kupitia onyo la wazazi.

Septemba 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu wasipike kuku kwa dawa ya mafua. TikTok ilieleza kwamba siku moja kabla ya onyo hilo, jambo hilo lilitafutwa kwenye programu yao mara 5 tu. Wiki moja baadaye lilitafutwa takriban mara 7,000.

Kwa hiyo ukitumiwa onyo lenye herufi kubwa na maneno "tuma kwa kila mzazi", jiulize kwanza mtoto gani, mji gani, tarehe gani. Onyo lisilo na hata kimoja kati ya hivyo liache likome kwako. Zungumza na mwanao kwa jumla kuhusu kuambiwa kujidhuru, bila kumtajia jina la mchezo na bila kumwonesha picha.

Picha baada ya kicheko

Mtindo ukifa, picha haifi. Oktoba 2016 wanafunzi wa shule moja ya Jacksonville, Florida, walianzisha ile ya kuganda kama sanamu huku kamera ikipita katikati yao. Mwaka 2019 watafiti wa Google walieleza kwamba walichukua takriban video 2,000 za aina hiyo kutoka YouTube na kuifundishia kompyuta namna ya kukadiria umbali wa vitu na watu ndani ya video. Ilifaa mno, kwa sababu watu walikuwa wametulia na kamera ndiyo inayotembea. Walioganda kwa ajili ya kucheka na marafiki walikuwa wakiifundisha mashine bila kujua.

Sheria za kwetu zimeanza kulifikia jambo hili. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Septemba 2023 ofisi ya kamishna wake iliitoza klabu moja ya usiku shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na Tume yake ilizinduliwa Dar es Salaam Aprili 2024. Mwenye picha iliyotumiwa vibaya ana mlango wa kubisha hodi, jambo ambalo muuza karanga wa miaka kumi iliyopita hakuwa nalo.

Desemba iliyopita mjukuu wa shangazi alimwekea nyoka wa plastiki kwenye ungo wa mchele. Bibi akaruka, ungo ukaruka, mchele ukamwagika hadi mlangoni. Kijana alikuwa na simu mkononi na kidole kimeshafika kwenye kitufe cha kutuma. Nikamwambia, mwoneshe kwanza. Shangazi akavaa miwani, akaitazama mara mbili, akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akamwonesha sehemu ambayo khanga ilimteleza, akasema hapo pakate. Kijana akakata. Akamwambia tena, nitumie na mie niwapelekee wenzangu wa kikoba, na ule mchele uuokote wote.